Nyimbo Zinazochangamsha Roho: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Napiga muziki kwenye harusi, sendofu, ubarikio na sherehe za mtaani hapa Dar es Salaam tangu enzi za kanda, zile ambazo ulizirudisha nyuma kwa kalamu ili betri zisiishe. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kwenda dansi tu, kiatu kimepigwa rangi, hela ya kiingilio imehesabiwa. Maswali yanayokuja mezani kwangu kati ya wimbo na wimbo ni yale yale, na ukumbini huwa nayajibu kwa kupiga kelele sikioni mwa mtu. Hapa nayajibu kwa utulivu.

Wimbo wa furaha ni upi? Si ule wenye maneno ya furaha?

Hapana. Ningekuwa napiga nyimbo kwa kufuata maneno yake, harusi zangu nyingi zingeisha saa mbili usiku.

Mchukue Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa na mwimbaji wa bendi ya Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Moja ya nyimbo zake zilizopendwa kupita kiasi inaitwa "Shida". Jina lake ndilo hilo, wala hakuficha. Ipige leo mbele ya watu wa umri wangu uone kama kuna kiti kitabaki na mtu. Mchukue Remmy Ongala, aliyezaliwa Congo akaja kuwa wetu, na bendi yake ya Super Matimila. Aliimba "Kifo", akaimba "Mambo kwa Soksi" kuhusu UKIMWI na kinga, na watu wakayasakata yote mawili mpaka jasho. Huyo hakuwa mtu wa kuimba "furahini, furahini".

Nionavyo mimi, maneno na muziki hufanya kazi mbili tofauti katika wimbo mmoja. Maneno yanakwambia: najua kinachokusibu, mwenye nyumba anadai kodi, mtoto anaumwa, mpenzi amebadilika. Magitaa yanakwambia: hata hivyo, simama. Mtu aliyeambiwa la kwanza ndiye huamini la pili. Wimbo usio na chochote ila kusifia raha huwa mwepesi mno. Unauchezea dakika tatu, kesho hukumbuki hata umeanzaje.

Chemko ni nini? Ni sawa na sebene?

Hili nitalijibu kwa urefu kwa sababu humo ndimo ilimo siri yenyewe.

Wimbo wa dansi la zamani una sehemu mbili. Ya kwanza ni hadithi. Tarumbeta na saksafoni hufungua, kisha mwimbaji anaingia na kisa chake polepole, ubeti baada ya ubeti, na wachezaji wameshikana wakisogea kidogo kidogo. Bendi zilizorekodi Radio Tanzania hazikuwa na haraka. Kisa kilipewa nafasi yake, na ukikikosa leo utakisikia kesho kwenye kipindi cha salamu. Halafu ghafla drams inabadilika, tumba inaongeza mapigo, waimbaji wanaacha kusimulia na kushika kiitikio kifupi kinachorudiwa, na gitaa la solo linajitokeza na kipande cha sauti chache tu linachokizungusha na kukizungusha. Hapo ndipo chemko. Wakongo wana sebene, ambalo ni ndugu yake wa damu. Kwao gitaa linatawala zaidi, na tangu miaka ya 1980 mwanzoni, kupitia bendi ya Zaiko Langa Langa, akaongezeka atalaku, yule mtu ambaye kazi yake ni kupayuka na kuwachochea wachezaji. Rumba yao iliingizwa na UNESCO mwezi Desemba 2021 kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la Congo zote mbili, ya Kinshasa na ya Brazzaville. Sisi tuliokuwa tukiichezea pasipo kibali cha UNESCO tulifurahi pia.

Sasa, kwa nini chemko linainua roho? Kwa sababu umelisubiri. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, akiwemo Valorie Salimpoor na Robert Zatorre, waliwapiga watu picha za ubongo huku wakisikiliza muziki waliouchagua wenyewe, ule unaowasisimua mpaka malaika zinasimama mwilini. Waliona ubongo ukimwaga dopamini, kemikali ile ile inayohusika na hamu na raha ya chakula kitamu. Lakini waliiona mara mbili, katika sehemu mbili tofauti za ubongo: mara moja kileleni, na mara nyingine kabla ya kilele, pale msikilizaji anapojua kwamba kinakuja ila hakijafika. Yaani kungojea nako ni raha, tena raha yenye makao yake.

Niliposoma hayo nilicheka, maana nilishafundishwa bure. Harusi moja ya Tabata, mshereheshaji alinibana kwa muda, nikaamua kuruka hadithi na kuanzia kwenye chemko moja kwa moja. Watu waliinuka, wakacheza dakika mbili, wakarudi kuketi kama waliodanganywa. Mzee mmoja akaja mezani, akaniinamia: "Bwana, mchuzi tumeuona. Wali uko wapi?" Tangu siku hiyo sikati hadithi. Vijana wanaopiga muziki kwa kuruka wimbo baada ya wimbo kila sekunde arobaini nawaheshimu kwa wepesi wa mikono, ila wanawalisha watu mchuzi mtupu.

Mbona bendi za zamani zilikuwa na majina mengi mengi, Sikinde, Msondo, Masika?

Hiyo ilikuwa mitindo. Kila bendi ilikuwa na jina lake rasmi na mtindo wake. Mlimani Park, iliyoanza 1978, ilikuwa na Sikinde; NUTA Jazz ya 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyobadilishwa majina kadri chama hicho kilivyobadilika, ikawa na Msondo; Mbaraka Mwinshehe na wenzake walikuwa na Masika; Maquis walikuwa na Kamanyola. Sikinde na Msondo ni majina ya ngoma za Wazaramo, na si kwa bahati mbaya. Mtu aliyetoka Kisarawe akasikia jina la ngoma ya bibi yake limo ndani ya tarumbeta la mjini, alijiona yuko nyumbani. Mashabiki wa Sikinde na wa Msondo walitaniana kama wa Simba na Yanga, na utani huo wenyewe ulikuwa nusu ya starehe.

Shikamoo. Mama yangu amekuwa mnyonge tangu ahamie kwangu mjini. Nikimpigia nyimbo za kuchangamka anasema nizime. Nakosea wapi?

Marahaba, mwanangu. Hukosei nia, unakosea mlango wa kuingilia.

Mtu mwenye huzuni akipigiwa wimbo wa shangwe ghafla husikia kama anakemewa. Watabibu wanaotumia muziki wana kanuni waliyoishika tangu miaka ya 1940: anza na muziki unaofanana na hali ya mgonjwa, kisha mpandishe taratibu. Kama mama ni mnyonge, mpigie kwanza kitu cha utulivu alichokipenda alipokuwa msichana. Usimuulize "umefurahi?" Muulize aliusikia wapi mara ya kwanza, alikuwa amevaa nini, nani alikuwa na redio pale kijijini. Ukiona ameanza kuitikia kiitikio kwa chini chini, au kidole kinagonga mkono wa kiti, ndipo upandishe kidogo. Inaweza kuchukua siku tatu. Usiwe na haraka.

Kuna jambo jingine. Katika utafiti wa mwaka 2013, Yuna Ferguson na Kennon Sheldon wa Missouri, Marekani, waliona kwamba waliosikiliza muziki mchangamfu huku wakidhamiria kujichangamsha ndio walioinuka moyo, kuliko waliousikiliza bila dhamira hiyo. Miaka kumi kabla yao wengine walijaribu dhamira hiyo hiyo kwa muziki wa Stravinsky, ambao si wa furaha wala wa huzuni, na waliojilazimisha kufurahi wakaishia vibaya kuliko wenzao. Naichukua hivi: nia inasaidia pale wimbo wenyewe unapovuta upande huo huo. Na nia lazima iwe ya mama, si yako. Kwa hiyo mpe yeye rimoti.

Kusikiliza na kuimba, kipi kinachangamsha zaidi?

Kuimba. Na kuimba na wenzako kunazidi kuimba bafuni.

Watafiti wa Oxford, akiwemo Robin Dunbar, waliwafuata kwa miezi saba watu wazima waliojiunga na madarasa mapya, wengine ya kuimba, wengine ya ufundi wa mikono, wengine ya uandishi, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Mwishowe madarasa yote yalijenga urafiki, ila waimbaji walizoeana mapema mno kuliko wengine. Ukiwa umewahi kuhamia mtaa mpya ukajiunga na kwaya, huhitaji utafiti. Jumamosi ya kwanza umewekwa sauti ya pili baina ya watu usiowajua. Jumamosi ya tatu wanajua unapokaa, na ukikosa mazoezi mtu anakuja kugonga mlango. Hapo kwenye benchi la kwaya mnavuta pumzi pamoja na kuitoa pamoja, na huwezi kuvuta pumzi na mtu kwa saa mbili ukaendelea kumwita "yule bwana".

Nami sina sauti. Naimba hivyo hivyo.

Taarab ya mipasho ni ya kusemana tu. Furaha iko wapi humo?

Kaa karibu na jukwaa siku moja, tena uangalie wanawake, usiangalie waimbaji.

Lakini tuanze mbali. Taarab ya Zanzibar ilikuwa ya kuketi. Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa 1905, kilipiga ala za udi, kanuni na fidla kwa watu waliotulia vitini na nguo zao nzuri. Siti binti Saad, mwana wa shamba aliyezaliwa katika umaskini, akaiteremsha kwa watu kwa kuiimba Kiswahili na kutia humo visa vya mitaani. Mwaka 1928 alisafirishwa hadi Bombay kurekodi santuri. Kisha miaka ya 1990 ikaja rusha roho na kina East African Melody, vinanda vya umeme vikashika nafasi ya fidla, na watu wakasimama kucheza. Huko bara vikundi vya TOT na Muungano vikapigana vijembe, na mwimbaji Khadija Kopa akatufundisha maana ya kusimama jukwaani kama mwenye nyumba.

Furaha ya pale inakuja kwenye kutunza. Ubeti fulani ukifika, mwanamke huinuka na noti mkononi. Hakimbii. Anakuja kwa mwendo wa maringo, mkono juu, noti ikipepea, akipita katikati ya meza ili aonekane, anaiweka mkononi mwa mwimbaji, anazunguka, anarudi. Hajasema neno. Ila kila aliye mle ndani ameelewa kwamba ubeti ule ni wake, na huenda meza ya tatu kuna mtu ambaye ndiye anayeambiwa. Kazi hiyo hiyo hufanywa na jina la khanga: unavaa maneno, unapita uani, umeshasema. Mambo aliyoyameza mwaka mzima, ya wifi, ya mke mwenza, ya jirani mwenye mdomo, yametamkwa na mtu mwingine kwa sauti nzuri na kinanda nyuma yake, na yeye amelipia shilingi elfu tano. Tua mzigo wa namna hiyo halafu uniambie kama hukurudi nyumbani mwepesi.

Ninachokiri ni kwamba mtu wa meza ya tatu hana furaha usiku ule. Kwa hiyo kwenye harusi huwauliza wenye shughuli mapema ni nyimbo zipi nisizipige. Kila ukoo una angalau mbili.

Je, wimbo ukiwa na kasi zaidi unachangamsha zaidi?

Mngekuwa mnasema kweli, singeli ingekuwa ndiyo dawa ya kila kitu. Muziki huu uliozaliwa uswahilini Dar es Salaam, Manzese na Tandale huko, unakwenda mapigo 200 kwa dakika na kupita, wengine wanaufikisha karibu 300. Vijana wakiuanza unaona ukumbi umekuwa sufuria la maharage. Nawapenda. Napiga singeli kila harusi, ila baada ya saa tano, na si zaidi ya nusu saa, kwa sababu mwili unachoka kabla ya roho haijashiba.

Upande wa pili kuna chakacha, ngoma ya wanawake wa Mombasa na pwani yake yote. Haina haraka kabisa. Kiuno kinakwenda mviringo, miguu karibu imesimama, na vicheko vinavyotoka humo ndani ya chumba cha bi harusi hujavisikia popote. Kasi ni kiungo kimoja tu. Chumvi nyingi si mapishi.

Kwa nini wazee wanaudharau "Jambo Bwana"?

Kwa sababu tuliuchoka, basi. Them Mushrooms wa Kenya waliutoa 1982 kutokana na maisha ya kuwapigia watalii kwenye hoteli za pwani, na mwaka uliofuata Boney M wa Ujerumani wakautoa kwa namna yao. Ulitengenezwa ili mgeni asiyejua Kiswahili aweze kuitikia baada ya kuusikia mara moja. Hebu jaribu wewe kutunga wimbo ambao mtu wa lugha nyingine kabisa anauitikia jioni ile ile, uone ni kazi nyepesi au nzito. Mimi niliudharau mpaka niliposhuhudia basi la wageni limekwama njiani, dereva kachukia, abiria wamenuna, na mtoto mmoja akauanzisha kwa mzaha. Dakika kumi zile zilipita vizuri.

Nyimbo gani zinafaa kwa watoto?

Zile za kucheza kwa mwili, na tunazo tayari. Angalia "Ukuti Ukuti". Watoto wameshikana mikono duara, wanazunguka kama kuti la mnazi, upepo unafika, halafu neno la mwisho linakatwa vipande: *watete… watete…* Wanajua linaishia wapi, macho yamewatoka, wanasubiri, ndipo *watetemeka!* na wote wanatikisika. Hilo ni chemko kamili, limefungwa kwenye neno moja, na mtunzi wake hakusoma McGill.

Zinasaidia kwenye kazi na mazoezi?

Ndiyo. Wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja kwa michi miwili, wimbo ndio unaozuia michi kugongana. Wavuvi wanaovuta jarife ufukweni huvuta kwenye kiitikio, wanapumua kwenye ubeti. Kwa wanaokimbia na vifaa masikioni, Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, amelichunguza jambo hili miaka mingi: muziki unapunguza hisia ya kuchoka mradi mazoezi ni ya wastani. Ukikimbia kwa nguvu zako zote, mwili unapiga kelele kuliko spika.

Nyimbo zinaweza kutibu sonona?

Zinaweza kumsindikiza mtu, haziwezi kuchukua nafasi ya matibabu. Huzuni ikikaa wiki mbili na zaidi, mtu halali, hali, hana hamu na chochote hata na wimbo alioupenda, mpeleke hospitali. Akitaja kutaka kufa, mpeleke leo.

Msibani je?

Fuata desturi ya wenye msiba. Kuna nyumba ambazo kwaya huimba usiku kucha, na kuna nyumba ambazo hata redio ya jirani huzimwa. Nikiombwa kupiga muziki kwenye arobaini, nauliza mara mbili kwa watu wawili tofauti.

Sauti iwe kubwa kiasi gani ndipo watu wachangamke?

Ndogo kuliko mnavyonilazimisha. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki. Ukifika 90, saa hizo zinashuka hadi nne tu kwa wiki nzima. Spika za kukodi zinapita hapo kabla bwana harusi hajaingia. Na kuna hasara nyingine: muziki ukizidi kelele, watu hawasikiani wakiitikia. Nikishusha kidogo kwenye kiitikio, ukumbi wenyewe unaimba, na watu wakijisikia wanavyoimba hawahitaji tena mimi.

Wimbo wa juzi umenikwama kichwani, nifanyeje?

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, waligundua kwamba kutafuna bazoka kunapunguza wimbo kujirudia kichwani, kwa sababu taya na ulimi vikiwa na shughuli, ile sauti ya ndani nayo inakosa nafasi. Mimi hutumia njia nyingine: nausikiliza wote mpaka mwisho, maana mara nyingi kinachokwama ni kipande ambacho kichwa hakikumbuki kinavyomalizika.

Ukishindwa vyote, uimbe mbele ya mwenzako. Utamwambukiza, nawe utapona.